Buster Keaton: Dogo aliyerushwa jukwaani na baba yake, akaja kuwa nyota wa filamu

Huenda umeshakutana na kile kipande cha filamu ya zamani isiyo na sauti: jamaa mwembamba amesimama nje, ukuta mzima wa nyumba unamwangukia, na yeye hata hatikisiki. Anapona kwa sababu amesimama pale pale linapopita dirisha lililo wazi.

Jamaa huyo ni Buster Keaton, filamu ni Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, na ukuta ule ulikuwa mzito kweli kweli. Angesogea kidogo tu, habari yake ingeishia hapo.

Lakini mambo hayo hakuyaanzia kwenye sinema. Aliyaanza utotoni, mikononi mwa baba yake mzazi.

Keaton alizaliwa Oktoba 4, 1895 huko Piqua, kijiji cha jimbo la Kansas, Marekani. Jina lake halisi ni Joseph Frank Keaton. Wazazi wake, Joe na Myra, walikuwa wasanii wa kuzunguka mji hadi mji na wauza dawa: watu wanakusanywa kwa muziki na vichekesho, kisha dawa zinauzwa.

Kabla hajafikisha miaka 6, dogo alikuwa tayari jukwaani. Kundi likaitwa The Three Keatons. Mama anapuliza saksafoni, mtoto anamchokoza baba, na baba anamwadhibu kwa kumrusha huku na kule: kwenye mapazia, kwa wapiga muziki, wakati mwingine hadi kwa watazamaji. Nyuma ya koti lake ulishonwa mshikio wa sanduku ili iwe rahisi kumnyanyua na kumtupa.

Hapo ndipo alipojifunza mambo mawili. Kwanza, namna ya kuanguka bila kuumia. Pili, kutocheka. Aligundua kwamba akicheka yeye, watu hawacheki sana. Akikausha uso, ukumbi mzima unavunjika mbavu. Sura hiyo ya kauzu ndiyo ikawa alama yake maisha yote.

Si kila mtu aliona raha. New York ilikuwa na sheria ya kuwalinda watoto wasifanyishwe sarakasi jukwaani, na familia hiyo iliandamwa mara kwa mara. Buster alikaguliwa mwili kutafuta majeraha, na kuna kipindi walizuiwa kabisa kufanya maonyesho mjini humo. Mwenyewe hata ukubwani alimtetea baba yake, akisema hakuwahi kuteswa.

Tatizo kubwa likaja kuwa pombe. Mchezo ule ulitaka umakini wa hali ya juu, kwani kosa dogo tu linavunja shingo. Joe alipozidi kulewa, mwanaye akawa hatarini kila usiku. Mapema mwaka 1917, Buster na mama yake wakaamua basi, wakamwacha mzee na kundi likafa.

Akiwa na miaka 21 alikwenda New York, akapata mkataba wa jukwaani wa dola 250 kwa wiki. Kabla hajaanza kazi hiyo, akakutana na mchekeshaji wa filamu Roscoe Arbuckle, akaalikwa studio. Kamera ilimteka, akataka kujua kila chuma ndani yake kinafanya nini. Akauacha mkataba ule, akaingia kwenye filamu kwa dola 40 kwa wiki. Filamu yake ya kwanza ni The Butcher Boy.

Miaka mitatu baadaye alikuwa akitengeneza filamu zake mwenyewe, na mikasa ya hatari aliicheza mwenyewe. Katika Sherlock Jr. ya mwaka 1924, maji ya tangi la reli yalimbwaga kwa nguvu juu ya reli. Akaendelea na kazi kama kawaida. Miaka mingi baadaye picha ya eksirei ndiyo ilionyesha kwamba siku ile alivunjika mfupa wa shingo.

Na mzee Joe? Hakutupwa. Mwanaye alimpa nafasi katika filamu zake kadhaa, ikiwemo hiyo hiyo Sherlock Jr., ambamo aliigiza kama baba wa binti anayependwa na Buster.

Keaton alifariki Februari 1, 1966, akiwa na miaka 70.