Dart: Msomi aliyebezwa kwa fuvu la mtoto

PROFESA Raymond Dart alikuwa akijivika nguo za harusi, mwishoni mwa Novemba 1924, makasha mawili ya mawe yalipofikishwa nyumbani kwake Johannesburg. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa bwana harusi, lakini hakuweza kungoja. Ndani ya makasha hayo kutoka machimbo ya chokaa ya Taung, alikuta umbo la ubongo lililogeuka jiwe, na jiwe jingine lililoficha uso.

Dart, mzaliwa wa Brisbane, Australia, mwaka 1893, alikuwa amekwenda Chuo Kikuu cha Witwatersrand shingo upande kufundisha anatomia. Moyo wake ulisalia London. Sasa alilichokoa jiwe hilo kwa sindano za mkewe za kufumia, hata siku mbili kabla ya Krismasi uso ukafichuka. Alikuwa mtoto mdogo, meno ya utotoni yangali kinywani.

Ubongo ulikuwa mdogo, ukikaribia wa sokwe. Hata hivyo, tundu la uti wa mgongo lilielekea chini ya fuvu, dalili ya kiumbe aliyetembea wima. Februari 1925, Dart alimtangaza katika jarida la Nature kwa jina Australopithecus africanus. Baadaye ilibainika kwamba hata watu wazima wa jamii hiyo hawakufikia kimo cha mita moja na nusu.

Wakubwa wa taaluma hiyo Uingereza, akiwemo Arthur Keith, walishikilia kuwa huyo ni sokwe tu. Wao walikuwa na fuvu lao la Piltdown, lenye ubongo mkubwa, tena lililopatikana kwao. Nani angekubali kuwa chimbuko la binadamu ni Afrika? Dart alipolipeleka fuvu London mwaka 1931, macho yote yalikuwa kwa mabaki ya Uchina. Kana kwamba hayo hayakutosha, mkewe alilisahau ndani ya teksi, likaja kupatikana katika kituo cha polisi.

Aliyemwokoa ni Robert Broom, ambaye kuanzia 1936 alifukua mabaki ya watu wazima huko Sterkfontein. Keith alikiri kosa lake 1947. Miaka sita baadaye, Piltdown ikafichuliwa kuwa ulaghai mtupu.

Dart naye alikosea. Alidai viumbe hao walikuwa wauaji waliotumia mifupa kama silaha, ilhali uchunguzi wa baadaye ulionyesha wao ndio walioliwa na wanyama. Mtoto wa Taung mwenyewe inaaminika aliuawa na tai.

Mwaka 1964, Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, na wenzake walipohitaji jina la binadamu wa kale wa Olduvai, ni Dart aliyewapendekezea neno habilis. Alifariki Johannesburg mnamo 1988, akiwa na umri wa miaka 95.