Simon Kimbangu: Nabii wa miezi mitano, mfungwa wa miaka 30

Na Mwandishi Wetu

TANGU mwaka 2023, Aprili 6 ni sikukuu ya taifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ni siku ya kumkumbuka mtu aliyehubiri hadharani kwa miezi isiyotimia sita, kisha akanyamazishwa hadi kufa.

Simon Kimbangu alizaliwa mwaka 1887 kijijini Nkamba, katika nchi ya Wakongo, miaka ambayo eneo hilo lilikuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Wamisionari wa Kibaptisti kutoka Uingereza walimbatiza mwaka 1915. Yasimuliwa kwamba aliisikia sauti ikimwita mwaka 1918, wakati homa ya mafua ikiteketeza watu. Hakuitika. Kama Yona wa Maandiko, alikimbia, akaenda Léopoldville, Kinshasa ya leo, kutafuta kibarua.

Aprili 6, 1921, akiwa amerejea nyumbani, alimwekea mikono mwanamke mgonjwa, na habari zikavuma kwamba amepona. Umati ukamiminika Nkamba. Vibarua waliyaacha mashamba ya Wazungu na wagonjwa wakatoka hospitalini. Aliwataka watu wateketeze hirizi, waache ngoma na ndoa za wake wengi.

Ukichunguza, hayo yote wamisionari walikuwa wakiyahubiri siku zote. Kilichobadilika ni msemaji. Sasa alikuwa Mwafrika aliyenena kwa Kikongo, kwa jina la Mungu, bila kuomba kibali cha mtu. Serikali ya kikoloni iliingiwa na hofu.

Juni 6 askari walifika kumkamata, akaponyoka. Septemba akarudi Nkamba na kujisalimisha mwenyewe. Mahakama ya kijeshi mjini Thysville haikumpa wakili. Oktoba 3, 1921 ilimhukumu viboko 120 na kifo, ingawa hakuwahi kuwaamuru wafuasi wake kushika silaha. Mfalme Albert I aliigeuza adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha.

Alipelekwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwao, katika mji unaosema Kiswahili na si Kikongo. Huko alifia gerezani Oktoba 12, 1951.

Wakoloni walikosea hesabu katika jambo moja. Waliwahamishia wafuasi wake mikoa ya mbali ili moto uzimike. Kila walikotupwa, wakausambaza. Mkewe, Marie Muilu, aliwalea waumini kwa siri. Desemba 24, 1959 serikali ile ile ya Ubelgiji ikalitambua kanisa lao, chini ya uongozi wa Joseph Diangienda, mwana wa mwisho wa Kimbangu, aliyekuwa mtoto wa miaka mitatu baba yake alipochukuliwa.

Mwaka uliofuata, mwaka ambao Kongo ilipata uhuru, mwili wa Kimbangu ulirejeshwa Nkamba, karibu miaka 39 tangu aondoke hapo akiwa chini ya ulinzi wa askari.