Louis Tiffany, Fundi wa Nuru

Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Louis Comfort Tiffany alikwenda, akaokota nuru.

Alizaliwa tarehe 18 Februari 1848 mjini New York, Marekani. Babake, Charles, alikuwa na duka mashuhuri la vito. Watu walidhani kijana naye ataketi pale auze dhahabu na almasi. Wapi! Louis alishika brashi akawa mchoraji. Katika ujana wake alisafiri hadi Afrika ya Kaskazini, akachora soko la Tangier nchini Moroko. Jua la huko na rangi zake vilimvutia mno.

Baadaye aliingilia kazi ya vioo. Siku zile mafundi wengi walipaka rangi juu ya kioo. Yeye alitaka rangi iwe ndani ya kioo chenyewe, tangu kinapoyeyushwa motoni. Akajaribu na kujaribu tena, hata akafaulu.

Mwaka 1897 maktaba kubwa ilifunguliwa mjini Chicago. Dari ya ukumbi wake mmoja ni kuba la vioo kutoka kampuni ya Tiffany, lenye upana wa zaidi ya mita 11 na vipande kama 30,000, vimepangwa mithili ya magamba ya samaki. Msafiri akiingia humo hujikuta ameinua kichwa, shingo ikauma, na bado hataki kuondoka!

Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Kampuni ilikuwa na mafundi wengi. Clara Driscoll, aliyesimamia wanawake wakata vioo, ndiye aliyebuni taa nyingi zilizompa Tiffany sifa. Jina lake lilikuja kujulikana sana baada ya miaka 100 hivi.

Dunia nayo ni mzunguko. Mitindo ilibadilika, kazi za Tiffany zikadharauliwa, kampuni ikafilisika mwaka 1932. Alifariki tarehe 17 Januari 1933. Hata lile kuba lilifunikwa kwa juu, likawa linamulikwa kwa taa za umeme tu. Mwaka 2008 lilikarabatiwa, na jua likapenya tena.

Vijana wenzangu, Tiffany aliacha dhahabu ya babake akafuata kioo, kitu kinachovunjika. Tusione haya kufuata kipaji chetu. Na tukisifiwa, tuwataje pia waliotushika mkono.