Arthur Guinness, mwenye jina la pombe nyeusi, aliingia ndani yake akiwa amepita miaka hamsini

Mtu anayetaka kuonja pombe nyeusi ya aina ya stauti kwa mara ya kwanza, awe Bukavu, Goma ao Lubumbashi, jina la kwanza analotajiwa ni Guinness. Wengi wanaamini kwamba mwenye jina hilo ndiye aliyeigundua. Sivyo. Arthur Guinness alitengeneza pombe ya rangi nyingine kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipoanza nyeusi alikuwa mgeni katika kazi hiyo, akifuata watu wa London waliomtangulia kwa nusu karne. Na hakuichagua kwa sababu ya kuipenda tu. Aliichagua ili kiwanda chake kisife.

Alizaliwa karibu na mwaka 1725 huko Celbridge, katika jimbo la Kildare, inchi ya Irlande. Baba yake, Richard, alikuwa msimamizi wa mashamba na mali ya Arthur Price, kiongozi wa Kanisa la Kiprotestanti ambaye baadaye alipanda hadi kuwa askofu mkuu wa Cashel. Kijana alikua katika nyumba ya mtu mkubwa, akijifunza kuandika hesabu na kuona namna mali inavyosimamiwa. Askofu Price alipokufa mwaka 1752, aliwaachia Richard na Arthur paundi 100 kila mmoja. Kwa wakati ule ilikuwa feza nyingi, mshahara wa miaka kadhaa kwa mfanyakazi wa kawaida.

Arthur hakuzila. Karibu na mwaka 1755 alichukua kiwanda kidogo cha pombe huko Leixlip, kijiji kilicho kando ya mto Liffey, si mbali na Dublin. Miaka minne ilitosha. Akamwachia ndugu yake kiwanda cha kijijini, naye akaelekea mjini.

Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 1759 alitia sahihi mkataba ambao watu wanauongelea hata leo. Alikodi kiwanda cha St James's Gate, upande wa magaribi wa Dublin, kwa miaka 9,000. Ndiyo, miaka elfu tisa. Alilipa paundi 100 mwanzoni, kisha paundi 45 kila mwaka. Watu wanacheka wanaposikia hesabu hiyo, wakidhani ni wazimu wa kijana mwenye kiburi. Lakini tuangalie vizuri: kiwanda kilikuwa kimesimama kwa miaka mingi bila mtu kukitaka, vyombo vilikuwa vimechakaa, na mwenye mali alitafuta tu mtu wa kumtoa katika mzigo huo. Aliyekuwa na haraka ni mwenye kiwanda, na Arthur alilijua jambo hilo. Kodi isiyopanda kwa miaka 9,000 ni mapatano ambayo mfanyabiashara yeyote wa Kadutu ao Birere angeyakimbilia.

Mwaka 1761 alimuoa Olivia Whitmore. Kinyume na desturi yetu, kule upande wa bibi harusi ndio uliotoa mali: Olivia alikuja na paundi 1,000, mara kumi ya urithi wa Askofu Price. Historia za kampuni zinapita haraka juu ya jambo hili, na si haki. Inasemekana Olivia alibeba mimba 21. Watoto kumi tu ndio waliofika utu uzima.

Pombe aliyotengeneza Arthur miaka hiyo iliitwa ale, pombe ya rangi ya hudhurungi ambayo Dublin yote ilikuwa imeizoea. Ilikuwa nzuri ya kutosha kuuzwa ngambo, kwani mwaka 1769 alipeleka Uingereza mapipa sita na nusu. Lakini meli zilizotoka Uingereza kuja Dublin zilibeba mapipa mengi zaidi, na ndani yake mulikuwa kitu kingine.

Ilikuwa porter. Pombe hii ilizaliwa London katika miaka ya 1720, ikapewa jina la wachukuzi wa mizigo wa sokoni na bandarini walioipenda sana. Siri yake ni kimea. Shayiri inaoteshwa kama mama zetu wanavyootesha mtama ao ulezi wa pombe ya kienyeji, kisha inakaushwa kwa moto mkali mpaka igeuke rangi. Moto ule unaleta ladha inayokumbusha mkate ulioungua kidogo, ao kahawa. Maua ya hopi yanaongeza uchungu na kuzuia pombe isiharibike upesi. Ndiyo maana porter iliweza kukaa miezi mingi ndani ya mapipa makubwa na kusafiri mbali, tena kutengenezwa kwa wingi na kwa bei ndogo. Ale ya Dublin haikuweza kushindana nayo. Zaidi ya hayo, sheria za kodi zilizopangwa na Waingereza ziliwabana watengenezaji wa Irlande kuliko wale wa London. Wakaaji wa Dublin walikunywa pombe ya kigeni huku viwanda vya kwao vikifungwa kimoja baada ya kingine. Sisi tunaoona bidhaa za ngambo ya mpaka zikiangusha kazi za hapa hatuhitaji kufasiriwa zaidi.

Katikati ya shida hiyo, mji ukataka kumkatia maji. Viongozi wa Dublin walisema Arthur anachukua maji mengi kuliko mkataba wake unavyoruhusu, kwamba amevunja ukuta wa mfereji na kuweka mabomba makubwa zaidi. Yeye alijibu kwamba maji ni sehemu ya kile alichokodi. Mwaka 1775 walituma watu pamoja na sherifu wa mji ili kufukia mfereji wake. Arthur, baba wa jamaa kubwa na mtu wa kanisa, alimnyanganya mmoja wao sululu, akawatukana kwa maneno ambayo hayakuandikwa yote, na kuapa kwamba wakifukia, yeye atafukua tena. Wakarudi walikotoka. Kesi iliendelea kwa miaka, mpaka walipopatana mwaka 1784: angelipa paundi 10 kwa mwaka na kuendelea kupata maji. Maji hayo yalitoka upande wa milima ya Wicklow. Wale wanaosema kwamba Guinness inatengenezwa na maji ya mto Liffey wanakosea.

Mtu aliyelinda maji kwa sululu hakuwa tayari kuacha kiwanda. Kufika mwaka 1778 alikuwa ameanza kutengeneza porter yake mwenyewe. Alikuwa na miaka kama 53, umri ambao wengi wanafikiria kupumzika. Na hapa ndipo akili yake inaonekana: hakuitupa ale siku moja. Kwa miaka ishirini alitengeneza zote mbili upande kwa upande, akiangalia ni ipi wateja wanarudi kununua. Kitabu cha hesabu ndicho kilichoamua. Mwaka 1795 kodi ya pombe iliondolewa katika Irlande, kisha watengenezaji wa huko kuililia kwa muda mrefu na mwanasiasa Henry Grattan kuwatetea bungeni. Porter ya Dublin ikapata nafasi ya kupumua. Mwaka 1799 Arthur alitengeneza ale kwa mara ya mwisho. Tangu hapo St James's Gate ikawa nyumba ya pombe nyeusi peke yake, na upesi mapipa yakaanza kuvuka bahari kwa njia ya kinyume, kuelekea Uingereza.

Tusimfanye mtakatifu. Alikuwa Mprotestanti tajiri katika inchi ya Wakatoliki wengi walionyimwa haki, na watu walipoasi utawala wa Waingereza mwaka 1798, hakuwa upande wao. Lakini alisaidia kuanzisha shule ya Siku ya Mungu kwa watoto wa Dublin mwaka 1786, na alisimamia hospitali ya Meath iliyotibu maskini.

Mwaka 1801 vitabu vya kiwanda vinaonyesha pombe mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya visiwa vya Karibi. Ilitiwa hopi nyingi na nguvu zaidi ili iweze kuvumilia safari ndefu na joto. Mtu anayeanza pombe nyeusi leo ni vizuri akumbuke tarehe hiyo, kwa sababu chupa ya Guinness inayouzwa Afrika inatoka katika ukoo huo wa safari. Ina uchungu, ni nzito, na kileo chake kinaweza kufika 7.5 kwa mia. Ile inayomiminwa kwenye bilauri huko Dublin, yenye povu laini kama maziwa, ina 4.2 kwa mia tu, chini ya pombe nyingi nyeupe tunazokunywa hapa. Majina yanafanana, lakini ladha ni mbalimbali kabisa. Rangi haipimi nguvu.

Kwa hiyo mgeni aliyeanza na chupa ya safari, akakunja uso na kuapa kutorudia, ameonja mlango mmoja tu wa nyumba yenye vyumba vingi. Kuna stauti za sukari ya maziwa, ambazo ni tamu. Kuna zile za uji wa shayiri mwitu, laini mdomoni. Kuna zile nzito za kifalme zinazopita 8 kwa mia, ambazo si za kuanzia. Anayependa kahawa bila sukari atazoea upesi stauti kavu ya Irlande. Anayependa vitu vitamu aanze na ile ya maziwa. Na chupa ile nzito isinyweke ikiwa ya baridi kama barafu, kwa kuwa baridi kali inaua ladha na kuacha uchungu peke yake. Jambo moja zaidi: si kila pombe ya brune ni stauti. Nyingi zinachachushwa kwa baridi kama pombe nyeupe, na rangi tu ndiyo tofauti.

Neno stauti lenyewe lilikuwa na maana ya kitu chenye nguvu. Walisema porter ya stauti, yaani ile iliyo kali kuliko zingine, kisha neno la kwanza likasahaulika. Arthur hakusikia jina hilo likitukuzwa. Alikufa tarehe 23 mwezi wa kwanza 1803, akazikwa Oughterard, kijiji cha Kildare alikotoka mama yake. Mtoto wake, Arthur wa pili, alishika kazi.

Kuna mengi ambayo mzee hakuyaona. Hakuona hata weusi wenyewe tunaoujua: porter yake ilikuwa ya hudhurungi iliyokolea, kwani mashine ya kukaanga kimea mpaka kiwe cheusi kabisa ilisajiliwa na Daniel Wheeler mwaka 1817. Hakuona mapipa yakifika Sierra Leone mwaka 1827, wala kiwanda cha Guinness kikifunguliwa Lagos mwaka 1962. Povu laini linaloletwa na hewa ya naitrojeni lilikuja mwaka 1959, miaka 200 kamili baada ya sahihi yake.

Mkataba wa miaka 9,000 ungeisha mwaka 10759. Haufanyi kazi tena, kwa sababu kampuni ilinunua ardhi hiyo zamani na kiwanda kimepanuka kuvuka mipaka ya kwanza. Nakala yake imelazwa chini ya kioo, katika sakafu ya jengo la wageni huko St James's Gate, na watu wanasimama juu yake wakihesabu sifuri.