J. Erik Jonsson: Mzee Aliyejenga Kampuni, Kisha Akajenga Shule

Toleo hili tunamleta mtu ambaye wengi wetu tumekanyaga kazi yake bila kujua jina lake. Kama ulitua Texas kupitia uwanja wa DFW, kama unasoma UT Dallas, au kama huwa unajisomea maktaba kuu ya Dallas pale Young Street, basi mzee huyu unamdaiwa shukrani.

John Erik Jonsson alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1901. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Sweden. Kijana akasoma uhandisi wa mitambo katika chuo cha Rensselaer na kumaliza 1922. Mwaka 1930 akaingia Geophysical Service, kampuni changa iliyokuwa ikiwatafutia watu mafuta. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unalipua baruti ardhini, mawimbi yanashuka, yanagonga miamba na kurudi, halafu mashine inayarekodi. Ukijua kuyasoma, unajua pa kuchimba. Jonsson alisimamia utengenezaji wa hizo mashine, na 1934 akahamia Dallas.

Tarehe 6 Desemba 1941, yeye na wenzake watatu, Eugene McDermott, Cecil Green na H. B. Peacock, wakainunua kampuni. Siku iliyofuata Pearl Harbor ikashambuliwa. Hebu fikiria, umenunua biashara Jumamosi, Jumapili vita imefika mlangoni! Lakini hawa jamaa hawakukaa kulia. Waliona kwamba ujuzi wa kunasa ishara hafifu unaweza kusaka nyambizi pia, wakaanza kutengeneza vifaa kwa ajili ya jeshi la majini. Vita ilipokwisha wakamwajiri Patrick Haggerty, aliyewasukuma waingie kwenye elektroniki moja kwa moja. Mwaka 1951 jina likawa Texas Instruments, na Jonsson ndiye rais wa kampuni.

Hapo upanuzi ukaanza kweli. 1952 walilipa dola 25,000 kupata leseni ya kutengeneza transista. 1954 transista zao zikawa ndani ya Regency TR-1, redio ya mfukoni ya dola 49.95, ya kwanza ya aina yake kuuzwa madukani. 1957 wakafungua kiwanda Bedford, Uingereza. 1958 mwajiriwa wao mpya, Jack Kilby, akaunda chipu, babu wa hizi zilizomo kwenye simu zetu.

Lakini kulikuwa na tatizo. Wahandisi wenye shahada za juu walikuwa hawapatikani Dallas. Vijana wenye akili wa Texas walikwenda kusoma kwingine na wengi hawakurudi, na kampuni ikabaki kuagiza wataalamu kutoka mbali. (Habari hii tunaifahamu vizuri, si ndiyo?) Jonsson, Green na McDermott hawakuishia kulalamika. Mwaka 1961 walianzisha kituo cha utafiti, kikajengwa Richardson, kwa fedha na ardhi yao. Mwaka 1969 wakakikabidhi kwa jimbo la Texas, kikawa UT Dallas.

Wakati huo mzee alikuwa kwenye kazi nyingine. Rais Kennedy aliuawa Dallas Novemba 1963, mji ukabaki na aibu mbele ya dunia nzima. Februari 1964 Jonsson akawa meya, akashika hadi 1971. Aliwaita wananchi wapange malengo ya mji wao, na akasukuma Dallas na Fort Worth, mahasimu wa siku nyingi, wakubali kuwa na uwanja mmoja wa ndege. Ulifunguliwa 1974.

Tusimfanye malaika. Katika miaka hiyo hiyo mji ulichukua nyumba za watu weusi karibu na Fair Park ili kupata nafasi ya kuegesha magari, na wenye nyumba walipinga kwamba walilipwa kidogo mno. Sisi Waafrika tunaopita mitaa ile tunapaswa kujua hilo pia. Maendeleo yana bili, na mara nyingi anayelipa si yule aliyeagiza.

Jonsson alifariki 1995. Wenzetu wa Houston msijione mmeachwa: Compaq, iliyozaliwa kwenu 1982, ilianzishwa na mameneja watatu waliotoka Texas Instruments. Kampuni ikilea watu, watu hao huzaa kampuni nyingine.

Sasa tujiulize. Kila wiki tunatumiana habari za programu mpya na kampuni kubwa kwenda nyumbani. Google, kwa mfano, ilitangaza 2022 kwamba inafungua kituo cha kuunda bidhaa Nairobi. Ni habari njema, tena sana. Lakini swali la Jonsson bado lipo: nani anaandaa wahandisi wa miaka ishirini ijayo, na kwa fedha ya nani? Wageni hawatatujengea Richardson yetu. Wale tutakaofanikiwa, iwe huku au nyumbani, kabla ya kununua gari la tatu tukumbuke maabara ya shule tuliyotoka. Kuanzia na oscilloscope moja inayofanya kazi si mbaya.