Wangila: Bondia aliyeipa Kenya dhahabu bila kukimbia

JINA la marehemu Robert Wangila Napunyi hutajwa kila baada ya miaka minne Michezo ya Olimpiki inapowadia, kisha hurudishwa kabatini. Yeye ndiye Mkenya wa pekee aliyewahi kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika mchezo usiokuwa riadha. Alifanya hivyo mjini Seoul, Korea Kusini, mwaka 1988. Kufikia mwisho wa Julai 1994 alikuwa ameiaga dunia, angali kijana wa miaka 26.

Wangila alizaliwa jijini Nairobi mnamo Septemba 3, 1967. Nairobi ya utoto wake ilikuwa na kumbi za jamii ambamo ndondi zilifundishwa jioni, hasa katika mitaa ya Eastlands na pale Muthurwa, mwendo mfupi tu kutoka kituo cha reli na katikati ya jiji. Kijana aliyetoka nyumba ya chumba kimoja aliweza kuingia humo, akapigapiga mfuko wa mchanga hadi jua likazama, wala asiulizwe baba yake ni nani.

Sisi tuliokulia upande wa pili wa jiji, huko Kangemi, tulifunga matambara mikononi tukajiita mabondia. Ndondi zenyewe tulizifuata mjini, nauli ilipopatikana, na mara nyingi haikupatikana.

Ni vyema msomaji wa leo aelewe ngazi aliyoipanda Wangila, kwa kuwa bila ngazi hiyo hakuna Seoul. Ndondi za ridhaa humu nchini zilikuwa na madaraja yake. Mwanagenzi alianza na mashindano ya wanagenzi wenzake, akipita aliingia daraja la kati, kisha mashindano ya wazi ambayo yalimkutanisha na mabingwa wa taifa. Humo aliwakuta wanandondi wa Jeshi, Polisi na Magereza, watu wazima waliokula vizuri na kufanya mazoezi kila siku kwa gharama ya mwajiri.

Mashindano hayo ya kitaifa ndiyo yaliyokuwa chujio. Kijana wa mtaani aliyemwangusha askari mbele ya mashabiki wa askari huyo hakuhitaji barua ya mtu kumwingiza katika timu ya taifa, Hit Squad. Na aliyeshindwa alirudi ukumbini, akasubiri mwaka mwingine. Hakuna kambi ya mazoezi wala safari ya ng'ambo inayoweza kufanya kazi hiyo badala yake, ingawa viongozi wa michezo hupenda kujaribu.

Kabla ya Wangila, ngazi hiyo ilikuwa imetoa vigogo. Philip Waruinge alipata shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akatuzwa Kombe la Val Barker kwa kuwa bondia mwenye ustadi kuliko wote, kisha akaongeza fedha mjini Munich mwaka 1972. Huko huko Munich, Dick Murunga na Samuel Mbugua walipata shaba. Stephen Muchoki naye alitawazwa bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa mjini Belgrade mwaka 1978. Lakini Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, na Muchoki akapitwa na Olimpiki akiwa katika kilele cha uwezo wake. Mwaka 1984 Ibrahim Bilali alileta shaba kutoka Los Angeles. Dhahabu ilikuwa bado ndoto.

Agosti 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, na Wangila akatwaa dhahabu ya uzani wa welter mbele ya umma wa nyumbani. Hakuwa bondia wa madoido. Alisonga mbele, akapokea makonde mawili ili kupata nafasi ya kurusha moja, na hilo moja lilikuwa zito.

Mwaka uliofuata alielekea Seoul akiwa hajulikani nje ya Afrika. Macho yote yalikuwa kwa Mmarekani Kenneth Gould, bingwa wa dunia wa mwaka 1986. Gould alishindwa katika nusu fainali na Mfaransa Laurent Boudouani. Katika nusu fainali ya pili, Jan Dydak wa Poland hakuweza kupanda ulingoni, na Wangila akapita bila kurusha konde.

Wapo waliosema kwamba amebahatika. Maneno hayo yalikoma katika raundi ya pili ya fainali, Wangila alipomwangusha Boudouani kwa nokauti. Mfaransa huyo hakuwa mchezaji wa kubahatisha, kwani baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBA katika ndondi za kulipwa. Siku hiyo hata hivyo alimkosa mwenyewe wa kumpa nafasi.

Uzito wa nokauti hiyo unaonekana vyema ukikumbuka yaliyotokea katika uzani uliofuata wa michezo hiyo hiyo. Mmarekani Roy Jones alimchapa Park Si-hun wa Korea Kusini kwa raundi zote tatu, lakini majaji wakampa Park ushindi kwa kura tatu dhidi ya mbili. Aibu hiyo ilichangia kuletwa kwa mashine za kuhesabu alama katika ndondi za Olimpiki. Wangila hakuwaachia majaji kazi yoyote.

Alikuwa ametimiza miaka 21 wiki chache tu kabla ya hapo, na akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Kenya ilitoka Seoul na dhahabu tano. Nne zilikuwa za wanariadha Paul Ereng, Peter Rono, Julius Kariuki na John Ngugi. Chris Sande aliongeza shaba ya ndondi katika uzani wa kati.

Dhahabu hailiwi, na ndondi za ridhaa hazikuwa na mshahara. Wangila alihamia Marekani na kuanza kupigana kwa malipo mwaka 1989. Kazi ilikuwa tofauti kabisa. Seoul alikuwa amevaa kofia ya kukinga kichwa na kupigana raundi tatu. Huku hakukuwa na kofia, raundi zilikuwa nyingi, na mtindo wake wa kupokea ili apate kurusha ukawa na gharama kubwa zaidi. Alishinda mapigano 22, mengi kwa nokauti, ila mkanda wa dunia haukumfikia.

Mnamo Julai 22, 1994 alipanda ulingoni katika hoteli ya Aladdin, Las Vegas, kupambana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa refa Joe Cortez alisimamisha pigano. Wangila alilalamika kwamba angali na nguvu za kuendelea, na baadhi ya mashabiki wakazomea uamuzi huo. Muda mfupi baadaye alizirai katika chumba cha kubadilishia nguo. Alifariki Julai 24 kutokana na jeraha la ubongo. Refa aliyezomewa ndiye aliyekuwa ameona sawasawa, ila saa ilikuwa imekwisha kupita.

Hata mazishi hayakuwa na utulivu. Wangila alikuwa amesilimu, na mzozo kuhusu azikwe kwa kaida za dini gani ulifika mahakamani huku mwili ukisubiri. Kwa mtu aliyemaliza pigano lake kubwa kabla ya majaji kuulizwa, ilikuwa ajabu kuona hatima ya mwili wake ikiamuliwa na hakimu.

Tangu Wangila na Sande, Kenya haijapata medali nyingine ya ndondi katika Olimpiki, hata kufikia Paris mwaka 2024. Sehemu ya Muthurwa iligeuzwa soko. Mashirika yaliyolea timu za ndondi yaliziacha moja baada ya nyingine, na mashindano ya kitaifa yakawa ya kuandaliwa fedha zikipatikana.

Mimi kazi yangu ni kuhariri. Kila mwaka wa Olimpiki mwandishi chipukizi huniletea habari inayosema kwamba dhahabu zote za Kenya zimetoka kwa wanariadha. Nami huchukua kalamu, nikakata neno zote, na kuandika pembeni: isipokuwa Wangila, Seoul, 1988.