Hana wa Rama, mke aliyesali bila sauti



Katika nyumba nyingi za Wakristo kuna jambo ambalo mume na mke hawalitaji hata wakiwa peke yao chumbani. Miaka inapita tangu harusi. Waliofunga ndoa baada yao wanapeleka mtoto wa pili kubatizwa, na wao bado. Mama mkwe ananyamaza, na kimya chake kinasikika kuliko maneno. Shangazi anakuja kumshauri mume, kwa sauti ya chini lakini si chini vya kutosha, kwamba atafute mwanamke mwingine wa kumzalia. Mke yuko jikoni, na anasikia yote.

Safari hii nataka tumtembelee mama mmoja aliyeyaonja hayo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Habari zake zimo mwanzoni mwa Kitabu cha Kwanza cha Samueli, sura mbili tu. Tunazisikia katika Misa siku za Juma la Kwanza la Mwaka, na tena tarehe 22 Desemba, Noeli inapokaribia. Jina lake ni Hana, na kwa Kiebrania jina hilo lina maana ya neema au fadhili. Kwa miaka mingi majirani zake hawakuona neema yoyote.

Hana aliishi Rama, katika nchi ya milima ya Efraimu, karne ya 11 kabla ya Kristo. Israeli haikuwa na mfalme bado. Mume wake, Elkana mwana wa Yerohamu, alikuwa mtu wa dini na mwenye mali ya kutosha. Alikuwa na wake wawili, jambo ambalo desturi ya siku zile iliruhusu. Penina alikuwa na watoto, wa kiume na wa kike. Hana hakuwa naye hata mmoja. Kwa kuwa Hana anatajwa kwanza, wengi hudhani kwamba yeye ndiye aliyetangulia kuolewa, na kwamba Penina aliletwa kwa sababu ya watoto. Kama ndivyo, basi Penina naye tumwonee huruma. Aliingia katika nyumba ambayo moyo wa mume ulikuwa umekwisha kutolewa kwa mwingine. Sheria ya Musa yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 21, iliona hatari hiyo, ikaweka ulinzi kwa mtoto wa mke asiyependwa. Mitara haimwachi mtu yeyote bila jeraha, na hapa waliumia wote watatu.

Kila mwaka Elkana alipanda na jamaa yake yote kwenda Shilo, ambako Sanduku la Agano lilikuwa limewekwa. Magofu ya Shilo yapo hadi leo, yapata kilomita 30 kaskazini ya Yerusalemu, na wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta huko mitungi mikubwa ya nafaka iliyounguzwa na moto ulioteketeza mji ule miaka michache baada ya habari hizi. Katika sadaka za amani, mafuta yalichomwa kwa ajili ya Bwana, kuhani alipata sehemu yake, na nyama iliyobaki ililiwa na familia kwa furaha. Ilikuwa karamu. Elkana alikaa kama baba wa nyumba akigawa nyama, Penina akipokea sehemu yake na ya kila mtoto wake. Hebu fikirini meza ile. Vipande vinapita vingi upande mmoja, na upande wa pili kipo kile cha Hana. Biblia nyingine zinasema alipewa maradufu kwa sababu Elkana alimpenda, nyingine zinasema alipewa kimoja ingawa alimpenda, maana maneno ya Kiebrania mahali hapo ni magumu. Vyovyote vile, sahani ilionyesha hesabu ya watoto mbele ya watu wote.

Hapo ndipo Penina alipopata nafasi yake. Alimchokoza Hana makusudi, mwaka baada ya mwaka, katika safari ile ile takatifu. Hana alilia, akakataa kula.

Akina baba, hapa naomba msikilize kidogo. Elkana alimwuliza mke wake sababu ya machozi na ya kukataa chakula, kisha akamwuliza kama yeye hakuwa bora kwake kuliko wana kumi. Wahubiri wengi humsifu kwa swali hilo. Mimi nakubali nusu. Ni kweli hakumtukana, hakumtishia kumrudisha kwao, hakumhesabia thamani yake kwa watoto. Wakati ule, na hata wakati wetu, hilo si jambo dogo. Lakini tazameni jinsi alivyoyageuza machozi ya mke wake yakawa swali juu yake yeye mwenyewe. Mke alikuwa anaomboleza mtoto, mume akasikia kwamba yeye hatoshi. Huzuni ya Hana haikupunguza upendo wake kwa Elkana. Zilikuwa huzuni na upendo, vikikaa pamoja katika moyo mmoja. Basi, kitabu hakionyeshi kwamba Hana alimjibu. Pengine ingetosha kama Elkana angeketi karibu naye bila kusema neno.

Baada ya chakula Hana aliinuka peke yake akaenda hekaluni. Kuhani Eli, mzee wa miaka mingi, alikuwa ameketi kitini karibu na mwimo wa mlango. Hana alilia kwa uchungu, akamwomba Mungu kwa jina la Bwana wa majeshi. Katika Biblia nzima jina hilo linatokea kwa mara ya kwanza katika sura hii, na wa kwanza kulitumia katika sala ni mwanamke huyu wa kijijini. Bwana wa majeshi! Ni jina la mfalme anayeamuru nyota na malaika, na Hana analitumia kuomba mtoto mmoja. Akaweka nadhiri kwamba akijaliwa mwana, atamtoa kwa Bwana siku zote za maisha yake, na wembe hautapita kichwani mwake, kama ilivyokuwa kwa Wanadhiri.

Alisali kwa muda mrefu. Midomo ilicheza lakini sauti haikutoka. Siku zile watu waliozoea kusali kwa sauti waliona jambo hilo kuwa la ajabu, na katika sikukuu yenye divai nyingi haikuwa shida kumdhania mtu amelewa. Eli akadhani hivyo hivyo, akamkemea. Fikirini: mke mwenza amemsimanga, mume hakumwelewa, na sasa mtu wa Mungu anamwita mlevi. Ni wangapi wameacha kusali kwa sababu ndogo kuliko hiyo? Na ukumbuke kwamba wana wa Eli, Hofni na Finehasi, walikuwa makuhani pale pale wakinyakua nyama ya sadaka kwa uma wa meno matatu, hata kabla mafuta hayajachomwa. Mzee hakuwazuia hao kwa nguvu, ila alikuwa mwepesi kumkaripia mama anayelia.

Hana hakuondoka kwa hasira, wala hakukubali lawama isiyo yake. Alimwambia kwa heshima kwamba hakuonja divai, ila ni mwanamke mwenye huzuni aliyekuwa akifungua moyo wake mbele ya Bwana, na akamwomba asimhesabu kati ya wanawake wasiofaa. Eli, tumpe haki yake, alisikia. Alimwaga kwa amani, akamtakia kwamba Mungu wa Israeli ampe alichoomba. Walimu wa Kiyahudi baadaye walijifunza kanuni za sala kutoka kwa mwanamke huyu aliyedhaniwa kuwa mlevi: kwamba moyo uelekee kwa Mungu, kwamba midomo itamke, na kwamba sauti isipazwe. Hata leo habari zake husomwa katika sinagogi siku ya kwanza ya mwaka mpya wao.

Sasa njooni kwenye mstari ambao mimi huurudia kuliko yote. Hana alirudi, akala, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Alikuwa na nini mkononi? Hakuwa na mtoto wala mimba, na Penina alikuwa bado yuko pale pale mezani. Eli hakumpa hata ahadi yenye tarehe. Kitu pekee kilichokuwa kimebadilika ni kwamba mzigo aliokuwa akiubeba peke yake ulikuwa umefika mbele ya mwenye uwezo nao. Nawaambia hivi kwa ajili ya wale ambao wamesali kama Hana, wamekwenda kwa daktari pia kama inavyopaswa, na mtoto hakuja. Msidhani kwamba Hana alipewa sikio la Mungu siku Samueli alipozaliwa. Alisikilizwa siku ile aliyorudi kula.

Asubuhi na mapema waliabudu pamoja, wakarudi Rama. Elkana akamjua mke wake, na Bwana akamkumbuka. Maandiko hayaoni haya kuyaweka mambo hayo mawili katika sentensi moja. Mtoto akazaliwa, Hana akamwita Samueli kwa sababu alimwomba kwa Bwana.

Ikabaki nadhiri. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 30, sheria ilikuwa wazi: mume akisikia nadhiri ya mke wake aliweza kuifuta siku hiyo hiyo, akinyamaza, inasimama. Elkana angeweza kusema hapana. Huyu alikuwa mwana wake pia, mwana wa mke aliyempenda, na hakuulizwa kabla nadhiri haijatamkwa. Wangapi kati yetu wangesema kwamba mambo ya mke kule kanisani hayanihusu? Yeye hakuifuta. Mwaka uliofuata, mwandishi anasema, Elkana alipanda Shilo kutoa sadaka ya mwaka na kutimiza nadhiri yake, kana kwamba nadhiri imekuwa ya Elkana pia. Hana alimweleza kwamba angebaki nyumbani mpaka mtoto aachishwe ziwa. Elkana akamwachia atende kama aonavyo vema, akiomba tu Bwana alithibitishe neno lake. Huyu si yule mume wa lile swali la wana kumi. Amejifunza kusikiliza.

Kunyonyesha siku zile kulichukua muda. Mama wa wale ndugu saba, katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, anamkumbusha mwanawe kwamba alimnyonyesha miaka mitatu. Basi Hana alipata miaka kama hiyo. Akina mama, nyinyi mnajua miaka mitatu ya kwanza ina nini ndani yake: meno, hatua, homa za usiku, neno la kwanza. Na kila usiku ulipunguza siku zilizobaki.

Walimpeleka wote wawili, pamoja na ng'ombe dume, unga wa efa moja, yaani zaidi ya lita 20, na kiriba cha divai. Hana alimkumbusha Eli kwamba yeye ndiye yule mwanamke aliyesimama pale akisali. Hakumkumbusha jinsi alivyomdhania mlevi. Kisha akaimba utenzi wa kumsifu Mungu anayewainua wanyonge na kuwashusha wenye nguvu, na Magnifikat ya Mama Maria imejaa mwangwi wa utenzi huo.

Lakini kwa mzazi, linalogusa zaidi ni jambo dogo lililoandikwa baadaye kidogo. Kila mwaka Hana alimshonea mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea alipopanda na mume wake kutoa sadaka. Mtoto hakuwepo wa kupimwa. Ilimbidi akadirie: mabega yamepanuka kiasi gani, urefu umeongezeka vidole vingapi. Huko ndiko kusali kwake kulikoendelea, katika sindano na uzi. Eli, ambaye wana wake mwenyewe walimshinda, aliwabariki Elkana na Hana kila mwaka, na Bwana akawapa wana wengine watatu na mabinti wawili.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inamtaja Hana inapoeleza sala ya Samueli: kwa mama yake mtoto alijifunza kusimama mbele ya Bwana, na kwa Eli alijifunza kusikiliza. Usiku alipoitwa kwa jina karibu na Sanduku la Agano, alikuwa amekwisha kufundishwa. Ndiye aliyempaka mafuta Sauli, na baadaye Daudi.

Shilo ilianguka, na Hofni na Finehasi walikufa siku moja vitani, baba yao naye siku hiyo hiyo. Samueli alizunguka nchi kila mwaka akiamua mashauri ya watu, Betheli, Gilgali na Mispa, na kila mara mzunguko ulipokwisha alirudi Rama, kwa maana nyumba yake ilikuwa huko. Akajenga huko madhabahu, na alipokufa walimzika Rama.